Mpunga wa Ambrose Kabatay

Wapendwa mliofika, familia imenipa mimi, Verna, kazi ya kuwasomea maisha ya mjomba wangu Ambrose Kabatay, na sauti ikinipanda mnivumilie, hata yake ilikuwa ikipanda.

Mjomba alizaliwa tarehe 9 Septemba 1941 kwenye Ghuba ya Kobe, hapa ziwani kwetu, ndani ya hema la mavuno, kwa kuwa mama yake alikataa katakata kuuacha mpunga wa ziwani, ule unaojiotea majini, umeiva eti kwa sababu ya uchungu, akajifungua asubuhi na alasiri akarudi kuukaanga. Septemba 1948 alichukuliwa na serikali kwa nguvu, akapelekwa shule ya bweni mjini, na aliporudi Juni 1955 alikuta bwawa la umeme limejengwa, ghuba imezama na mpunga wake na makaburi yake, akamwuliza bibi yake babu amezikwa wapi, na bibi akamwonyesha kwa midomo, kule majini.

Kuanzia 1957 hadi 2006 aliwaongoza watalii wa uvuvi, akiwapitisha kila kiangazi juu ya mahali alipozaliwa bila kuwaambia. Tarehe 12 Februari 1966 alimwoa Delima Mandamin, ambaye husema mpaka leo kwamba sura ya bwana harusi aliivumilia tu, alichokipenda ni mkono wake kwenye pondo, wakajaliwa Rosalie na Gilbert, ambao wote wanaishi mjini, maana hapa tulikosa cha kuwabakizia.

Tangu 1979, kila vuli, mjomba aliomba mbegu kwa ndugu zetu wa ziwa la juu, akazimwaga kwenye maji mafupi, akitaka kijiji kijilishe, kiuze, tuache kungoja msaada, na kila Juni, majani yakiwa ndiyo kwanza yamelala juu ya maji, milango ya bwawa ilifungwa, ziwa likapanda, likang'oa yote. Delima alimtania kwamba kwa mbegu hizo anafuga bata wa serikali. Mjomba alihudhuria mikutano ya kampuni ya umeme mpaka akazeeka nayo, akiambiwa kwa adabu kwamba suala lake linashughulikiwa.

Mwaka 2021 mpunga ulisimama juu ya maji. Mwishoni mwa Agosti yeye na Delima waliingia na mtumbwi, wakatia tumbaku majini kama sadaka, wakayafunga mabua mafungu mafungu kwa kamba za magome, kama walivyofanya wazee, ili ndege wasiyamalize na ijulikane ni ya nani, nasi tukasimama ufukweni tukicheka kama watoto. Wiki hiyo hiyo maji yalipandishwa, na kwa kuwa mabua yalifungwa, yaling'oka fungu zima zima, ilhali yangeachwa huru huenda mengine yangepona. Hatujui. Yeye alijilaumu, tukamwambia kosa si lake, hakutusikia.

Machi 2022 figo zake zilishindwa, akawa anasafishwa damu hospitalini huko Thunder Bay, na kila tulipompigia simu aliuliza kama maji yamelifunika lile jiwe la ufukweni tunalopimia kina cha ziwa, nasi tukamdanganya kwamba yameshuka, mpaka alipofariki tarehe 3 Oktoba 2023.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wanaoulinda kwa siku nne moto wa kumwangazia njia, na waongozaji wenzake waliochimba kaburi huku mlimani, kwa kuwa la babu yake hatuwezi kulifikia. Kampuni ya umeme nayo ahsante, imeleta maua. Sahani ya chakula cha safari yake hii hapa, na tulipokosa mpunga wa kwetu tumempikia mchele wa dukani, ambao maisha yake yote alikataa kuuonja, akisema ni chakula cha kuku. Mjomba, kula hivyo hivyo, hatukuwa na mwingine. Pumzika kwa amani.