Kikombe Kimoja Kimepungua kwa Cucu Wamucii

Othaya hulima kahawa na kunywa chai. Kahawa huchumwa, hubebwa hadi faktri, kisha huenda zake Ulaya bila kuaga, na aliyeichuma hurudi kuketi kwenye benchi la Magdaline, nje ya hoteli yake, akamiminiwa chai iliyopikwa kwa vumbi la majani, maana majani yenyewe nayo yaliifuata kahawa huko huko. Benchi lina miguu mitatu na jiwe. Upande wa jiwe huketi Wamae, fundi wa viatu, aitwaye Kiraka, kwa kuwa jiwe alilitafuta yeye. Katikati ni Njagi, mzee kutoka Embu aliyeendesha lori la mbao mpaka macho yakamstaafisha. Wanamwita Reverse, maana hana hadithi inayoenda mbele. Mwisho yuko Kingori, fundi wa redio, jina lake Waya, ambaye husikia habari kabla hazijatokea. Ilikuwa Disemba ya ule mwaka ambao shule za msingi zilikuwa zimeongezewa darasa la nane. Jua lilikuwa limetoka, shule zimefungwa, na kila boma mlimani limefurika wajukuu. Ndipo Theuri alipoonekana akishuka barabara mbio, mguu mmoja gambuti, mwingine ndara, shati lote madoa mekundu ya buni mbivu.

— Digrii amepigwa! alisema Kiraka.

— Na nani?

— Na serikali ya watoto. Mwangalie.

Walimwita Digrii kwa sababu digrii ya uchumi aliipata. Uchumi wenyewe ndio hakuupata. Miaka miwili alikuwa ameandikia kila ofisi yenye sanduku la posta, na kila ofisi ikamjibu kwa Kizungu kitamu kwamba inasikitika. Basi shule zilipofungwa, kaka na dada zake walipomwaga watoto kwa Cucu, nyanya yao, kutoka Thika, Nakuru, Nairobi na Mombasa, ukoo ulitazama huku na huku ukitafuta mtu mwenye nafasi, macho yote yakatua kwake. “Mimi ni economist,” alimwambia mama yake. “Vizuri, baba,” mama akajibu. “Anza na uji.”

Aliketi, akapokea kikombe kutoka kwa Magdaline, hakukinywa.

— Nimekwisha, alisema. Kihara anakuja leo.

Kiraka alipiga mluzi. Kila mtu benchini alijua habari za Kihara. Huyo ni kaka mkubwa wa Theuri, bosi katika kiwanda cha sufuria huko Thika, ambako walikuwa wanatafuta mtu wa stoo. Jumapili alikuwa amempeleka mama yao Sagana, kwa dada yao Kagure aliyekuwa karibu kujifungua, na kabla ya kutia gari gia alimwambia Theuri: “Mtu akiweza kuchunga watoto wa hapa, anaweza kuchunga stoo. Nikirudi nikute wote wako sawa. Mmoja akipotea, job pia imepotea.”

— Kwani umepoteza mtoto? aliuliza Magdaline, birika mkononi.

— Sijapoteza. Amezidi.

Benchi zima lilimgeukia. Hata jiwe lilicheza.

— Rudia hiyo, alisema Reverse. Rudi nyuma kidogo.

— Kuna mtoto mmoja extra, mzee. Kila mtoto alikuja na kikombe chake kutoka kwao, si ndiyo? Siku zingine wanapokezana vikombe, leo asubuhi nimegawa uji kwa mpigo, kila kikombe kimejaa, na bado kuna mmoja amesimama pale, mikono mitupu, ananiangalia kama mimi ndiye World Bank.

— Si ungewahesabu tu? aliuliza Waya.

— Wee Kingori! alifoka Magdaline. Watoto wanahesabiwa?

Theuri alikunja uso. Hapo ndipo digrii yake ilipogonga ukuta. Mama yake hakuruhusu mtu kuhesabu watoto, wala mbuzi, wala kitu chochote chenye pumzi. Ukiwahesabu, utawapunguza. “Viazi ndivyo vinahesabiwa,” angesema, na kukupiga kidole hicho hicho ulichonyosha. Miaka mitatu ya statistics, na nyumbani kwao kuhesabu ni uchawi.

— Haya, alisema Kiraka. Sura huwajui? Si ni watoto wa ndugu zako?

— Sura gani? Wote wamenyolewa kipara sababu ya chawa. Na wasichana wote wamevaa nguo moja! Maitu, huyu mama yangu, alinunua jora zima la kitambaa chenye maua ya njano, akawashonea za Krismasi. Aliyesimama akapimwa, aliyepimwa akashonewa. Maua matupu! Ukitazama shamba la kahawa unafikiri alizeti zimevamia.

— Na majina?

Theuri alicheka kile kicheko cha mtu aliyechoka.

— Majina, Kiraka? Mimi niko na kaka wangapi?

— Wanne. Nimewashonea viatu wote.

— Kila mmoja msichana wake wa kwanza ameitwa nani?

— Wamucii, benchi zima lilijibu kwa pamoja, maana nani asiyejua kwamba msichana wa kwanza huitwa jina la nyanya yake mzaa baba?

— Basi mimi nikiita “Wamucii!” inakuja platoon. Na huyu wa kuzidi naye anakuja. Nikiuliza, “Wewe ni wa nani?” wanajibu wote, “Wa Cucu!” Wamekula kiapo, hao. Wamempenda, hawamtaji. Jana walipigana vita vya buni mbivu, debe nzima imeisha kwa shati yangu, wakaogesha mbwa na sabuni ya kipande, wakafundisha jogoo kupanda baiskeli. Na mimi niko na second class upper!

— Hapo hakuna siri, alisema Kiraka. Huyo ni wa kanisa. Jumapili kulikuwa na mazoezi ya nyimbo za Krismasi, watoto wa Othaya wote kwa uwanja moja. Ulifagia wako, ukafagia na wa wenyewe. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Asali imeingiaje?

— Si watoto wanapenda sukari?

— Kanisa gani! alidakia Reverse. Mimi nilibeba mbao kutoka Chogoria hadi Nakuru, ninajua dunia. Huyo ni mpelelezi wa faktri. Wanataka kujua Cucu anachuma madebe mangapi. Hawawezi kutuma mtu mzima, anajulikana. Wanatuma msichana na kipara. Tena kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe, Digrii, mama yako ndiye ameshona!

— Mpelelezi wa miaka saba, mzee?

— Ndiyo mzuri. Hawezi kushukiwa.

— Na anachuma? aliuliza Kiraka.

— Anachuma kuliko wote, alikiri Theuri. Anaimba huku akichuma. Wengine wakaanza kumshindania. Jana tumepeleka faktri magunia ambayo hatujawahi kupeleka.

— Si unaona! Mpelelezi.

Waya alikohoa, akashusha sauti kama mtu anayetafuta stesheni.

— Nyinyi mko mbali. Mimi nimesikia. Kaka wanne wana Wamucii wanne, sindio? Wa tano ni wa mtoto wa kiume wa tano. Cucu amempimia nguo bila kuuliza. Cucu anajua. Digrii, ulipokuwa University huko, ulikuwa unasoma peke yako?

Benchi lililipuka. Kiraka alipiga paja, jiwe likatoka mahali pake, wote wakainama upande mmoja kama lori la Reverse kwenye kona.

— Kingori, koma kabisa! Theuri alisimama, masikio yamewaka. Mimi nauli ya kwenda kuonana na msichana nilikuwa nakosa, sembuse kuzaa naye!

— Maji yakimwagika hayazoleki, baba, alisema Reverse kwa huruma nyingi. Mlee tu.

— Kwa hivyo sasa nimeanza kazi nikilisha spy, nikamaliza kama baba?

— Angalau umepata kazi, alisema Kiraka, wakacheka tena.

Theuri hakucheka. Alikuwa akitazama barabara ya Nyeri, mahali pikapu ya Kihara ingetokea. Stoo yenyewe hakuipenda. Sufuria si ndoto ya mtu. Lakini alikuwa amechoka kuwa mtu mwenye nafasi. Na kitu kingine kilimuudhi zaidi: usiku uliopita, wale watoto walipolala wamerundikana kwenye magunia kama vifaranga, yeye akiwa mlangoni na taa ya chemni, alikuwa amejikuta anatabasamu. Peke yake. Bila sababu ya kiuchumi.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipovuka barabara. Alikuwa na sare ya nesi, sweta begani, usingizi machoni. Benchi halikumjua, alikuwa amehamishiwa hospitali ya hapo mwezi huo huo.

— Hamjambo wazee. Mimi naitwa Karimi, nimepanga hapo nyuma ya boma lenye watoto wengi.

— Hatujambo, sista, alisema Reverse, aliyesikia Embu katika sauti ile akajinyoosha kola. Karibu chai.

— Asante. Namtafuta mwenye hilo boma. Msichana wangu Mbeti anashinda huko toka asubuhi mpaka jioni. Anakula huko, amerudi hata na kipara na nguo mpya ya maua. Nikimwita Mbeti haitiki siku hizi. Anasema ukiitwa Wamucii ndiyo unapata uji haraka.

Theuri alitoa pumzi ambayo bila shaka aliivuta asubuhi.

— Sista! Ni wako! Mungu akubariki, ni wako! Ona sasa, Reverse, mpelelezi ana mama. Waya, ona, mimi ni mtu safi. Sista, kazi yangu umeiokoa.

— Ningekuja mapema, alisema Karimi, lakini niko zamu ya usiku, dada wangu wa kazi ndiye anawalaza. Sasa nilitaka kuuliza tu. Huyu wenu anayelala kwangu na Mbeti tangu Jumapili, hakuna mtu aliyemtafuta?

Kiraka aliangalia kiatu. Reverse aliangalia mlima. Waya, aliyekuwa na jibu la kila kitu, aliingiza kidole sikioni kama redio imekwama.

— Wetu? alisema Theuri. Yupi?

— Si wewe ndiye unawajua?

Theuri alikuwa ametafuta aliyezidi mpaka akasahau kutafuta aliyepungua. Siku zote hizo, asubuhi walikuwa wanakuja wawili pamoja kwa uji, usiku wanaondoka wawili, na yeye na digrii yake yuko mlangoni na taa, anatabasamu.

Kabla hajafungua kinywa, honi ililia. Pikapu ya Kihara ilikuwa imeshafika bomani kwa njia nyingine na kurudi, maana nyuma yake walikuwa wamejaa watoto, maua ya njano, vipara, mbwa aliyeogeshwa, jogoo. Waliruka kabla gari halijasimama. Wakafurika benchi. Kiraka akapoteza nafasi yake, Reverse akakaliwa magoti yote mawili, birika la Magdaline likazungushwa, mandazi yakaisha kwenye sinia kana kwamba yamesomewa sala.

Kihara alishuka, tai shingoni.

— Theuri. Nimekuta watoto peke yao. Wote wako?

Ndiyo ingetosha. Neno moja, na Thika ni yake. Theuri alimtazama kaka yake, akatazama ile platoon.

— Sijui, alisema. Mmoja amezidi, ni wa sista huyu. Mwingine amekuwa akilala kwa sista, sikujua. Na mpaka saa hii sijui ni yupi. Labda ni wako.

— Labda ni wangu! Kihara alipandisha sauti. Na unataka nikupe stoo?

Mlango wa pili ulifunguka. Cucu Wamucii alishuka polepole, leso kichwani, bakora mkononi, akicheka mpaka mabega yakatikisika.

— Wewe Kihara, nyamaza. Likizo moja hivi ulilala kwa kina Wamae huyu mpaka shule zikafunguliwa. Nani alikutafuta?

— Ni kweli, alisema Kiraka kutoka chini, alikokuwa ameangukia. Mama yangu alikurudisha mwenyewe. Akasema unakojoa sana.

Watoto walisikia. Kihara alilegeza tai.

— Tena mimi nimeendesha lori miaka mingi, alisema Reverse juu ya vichwa vya watoto, nimeona stoo zote za nchi hii. Zote vitu hupungua. Hii ndiyo ya kwanza nimeona mtu anachunga, vinaongezeka. Wewe bosi, mtu kama huyu unamwacha?

Kihara alijaribu kubaki bosi. Ilimshinda. Kicheko kilimtoka puani.

— Januari, alisema. Lakini kwa sufuria tutahesabu, umesikia?

— Januari, alikubali Cucu. Disemba ni yangu. Akamtazama yule wa Karimi kutoka kipara hadi vidole. Huyu nilimpimia mimi. Alisimama kwa mstari, nikapima. Ningemuuliza mtoto wa watu kwa nini amesimama?

— Maitu, na Kagure? aliuliza Theuri.

— Amejifungua salama. Msichana. Wa pili.

Benchi lilitazamana. Msichana wa pili huitwa jina la nyanya mzaa mama. Hakuna aliyeuliza anaitwa nani.

Mbeti alikuwa amesimama mbele ya Theuri, mikono mitupu tena, akimwangalia kwa yale macho ya World Bank. Theuri alimpa chai yake, ambayo hakuwa ameigusa, akageuka kwa Magdaline.

— Niuzie kikombe kimoja, mama. Cha bati.

— Kimoja? aliuliza Cucu. Na huyu wa Sagana atanyonya mpaka lini?

— Haya, viwili.

— Usihesabu!

— Ni vikombe, Maitu!

Magdaline alitoa vikombe viwili vya bati, akainamisha birika, akalitikisa, likatoa vumbi tupu la majani.