Mnazi Uliofoka Mbele ya Mchungaji

Bwana asifiwe! Wale wa nyuma sijawasikia, ama chai ya asubuhi imewalegeza? Bwana asifiwe tena! Haya, sasa naweza kusema.

Kwa wageni, mimi ni Mama Neema wa hapa Mishomoroni, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa hili. Marehemu mume wangu mlimjua, Katana, fundi wa milango. Leo nimesimama kumshukuru Mungu kwa kuniondolea hofu niliyokaa nayo tangu nilipokuwa bibi harusi.

Ndugu zangu, kwetu Wagiriama binti haposwi kwa maneno makavu. Wazee hukaa, mnazi, ile pombe yetu ya kugema, huletwa, ndipo mazungumzo hufunguliwa. Kisha mzee wa upande wa baba hutia funda mdomoni, akampulizia binti kifuani, akamtakia uzazi na nyumba yenye amani. Nilipoolewa mimi, baba yangu alikuwa mwinjilisti, akasema mnazi hautaingia uani kwake. Haukuingia. Nikaolewa kwa soda na sala. Basi mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili nayo ikatoka. Wanawake wa ukweni wakanong'ona, si ndiye aliyekataa mnazi? Mungu akanipa Neema, nikamshukuru sana, lakini yale maneno yalikuwa yameshaniingia. Nawafundisha akina mama hapa kwamba aliye ndani ya Kristo halaaniki, halafu nikifika nyumbani naogopa. Naogopa kweli!

Sasa Neema akapata mchumba. Kijana ni Mutua, Mkamba wa Changamwe, afanya kazi bandarini, ameokoka, hana neno. Kwa kuwa babake Neema hayupo, wa kumtoa ni kaka wa marehemu, shemeji yangu Mzee Kahindi wa Mwakirunge. Mzee huyo haingii kanisani hata mvua ikimnyeshea mlangoni. Akatuma ujumbe: bila mnazi asiitwe. Na msimamo wa kanisa letu mwaujua, kiongozi anayepokea pombe katika shughuli yake huachia nafasi. Cheo hakikunitisha. Nilikuwa namwona mawazoni mwanangu akiolewa bila baraka, akipitia yale niliyopitia mimi. Nikawa sili, silali, hata sala zangu zikawa hofu tupu. Na kwa mzee mwenyewe sikwenda! Nikamtuma mchungaji, nikatuma wazee wa kanisa, lakini mguu wangu Mwakirunge haukufika.

Ndipo akina mama wenzangu, Mungu awabariki, wakaja na dawa. Tembo tamu! Yaani mnazi uliogemwa alfajiri, kabla haujachachuka, ni maji matamu tu, hata mtoto hunywa. Mzee atapata mnazi wake, nasi hatutakuwa tumepokea pombe. Mchungaji alikuna kichwa, akakubali. Nikaona nimepona.

Lakini mnazi huletwa na upande wa mwanamume, na Wakamba wa watu wataujulia wapi? Tuliwaambia walete tembo tamu. Hatukuwaambia kwamba utamu ule haufiki hata jioni. Nao kwa bidii zao, wasije wakachelewa, wakanunua jana yake, wakaujaza mtungi wa plastiki, wakakaza kifuniko barabara.

Jumamosi ikafika. Turubai uani kwangu, wazee wamekaa, shemeji kaegemea fimbo yake, mchungaji mbele kabisa na shati jeupe. Shangazi yake Mutua akauleta mtungi kwa heshima zote, akafungua kifuniko. Ndugu zangu! Mnazi uliruka! Povu shatini kwa mchungaji, povu kwenye miwani yake, na ile harufu kali ikajaa uani mpaka majirani wakachungulia. Shangazi wa watu akabaki akisema, "Jana ulikuwa mtamu, nawaapia, jana ulikuwa mtamu!"

Hakuna aliyecheka. Wote walinitazama mimi.

Shemeji akasema, "Haya, Mama Neema, mnazi ndio huo. Waupokea ama huupokei?"

Sikuwa tena na pa kujificha. Kisha ukanishukia utulivu ambao haukuwa wangu, nasema kweli mbele za Mungu. Nikaondoka kitini, nikapiga magoti mbele yake, hapo hapo kwenye povu. Nikamwambia, "Shemeji, mimi ni mtu wa Yesu, mnazi huu siupokei. Na kwa ule mtamu nilikuwa nakukwepa tu. Lakini mtoto huyu hana baba mwingine ila wewe. Nakuomba baraka yako, nakuomba mimi mwenyewe."

Mzee aliilaza fimbo yake chini. Kisha akasema, "Kumbe waweza kuja mwenyewe? Tangu ndugu yangu azikwe hujakanyaga kwangu. Waniletea wachungaji kama mgonjwa. Mimi ningekupata vipi, kama si kwa kushikilia mnazi?"

Nililia jamani! Alikuwa na haki. Hofu yangu ilinifanya nimwone kama laana, kumbe ni mzee aliyefiwa na ndugu, amekaa peke yake akingoja kuamkiwa.

Akaitisha maji. Maji ya kunywa, kwa kikombe! Akatia funda, akampulizia Neema kifuani, akamwita Mulungu kwa Kigiriama, akamtakia watoto na mume mwenye subira. Amina ya kwanza ilitoka kwa mchungaji, naye ananuka mnazi kutoka shingoni hadi kiunoni. Hapo ndipo tulipocheka, wazee kwa vijana, mpaka shangazi naye akacheka.

Wameoana. Neema bado hajapata mtoto na miezi yaenda, midomo nayo imeanza tena. Majuzi kwenye matanga huko Mwakirunge mwanamke mmoja akasema ni ule mnazi uliokataliwa. Mzee Kahindi akainua fimbo, na mkono wa pili ameshika kikombe cha mnazi: "Mtoto yule nimembariki mimi. Mwenye neno aje kwangu!" Hajaokoka bado. Namwombea, tena siku hizi namwombea nikiwa nimekaa uani kwake. Na mimi, ndugu zangu, nalala usingizi! Neema akizaa, Bwana asifiwe. Akikawia, Bwana asifiwe vilevile. Ile hofu haiko tena!

Wewe uliye na mzee unayemkimbia kwa sababu umeokoka, usimtume mchungaji. Nenda mwenyewe, mwamkie, mwambie wewe ni wa nani. Yesu aliyesimama nami atasimama nawe, mtegemee.

Mnisamehe, leo sitangoja matangazo. Shemeji amepika, na amesema hali mpaka nifike.