Mama Pumua na Kufuli la Ukumbi

Ndugu waombolezaji, ukoo umenichagua mimi, mtoto wa mdogo wake, niwasomee maisha ya mama yetu mkubwa, kwa kuwa sauti yangu haihitaji kipaza sauti, na ingawa shule niliiacha darasa la sita, kwa kuandika sijapata mpinzani.

Mama mkubwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akasoma shule ya msingi 1959 hadi 1965, akajifunza ukunga 1968 hadi 1970, kisha akasimama wodi ya wazazi miaka arobaini, 1971 hadi 2011, akapokea watoto elfu sita, wanaosema elfu nne hawakuwepo, na mmoja wao ni bwana msimamizi wa ukumbi wa mtaa, yule pale kiti cha mbele, aliyekuja duniani mwaka 1979 akitanguliza makalio, na ubishi huo hajauacha.

Aliolewa tarehe 6 Desemba 1974 na fundi saa, mtu mpole, wakajaliwa watoto wanne, mume akatangulia mwaka 2009.

Tarehe 3 Februari 2014, magoti yakimsumbua, alianzisha mazoezi ya wazee pale ukumbini, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja asubuhi, wakaanza watatu, wakafika arobaini na mmoja, wakishika migongo ya viti, wakiinuka na kukaa, wakisimama kwa mguu mmoja, naye akipaza sauti ya wodini, "Pumua! Sukuma! Kichwa nakiona!" hata mzee seremala akamjibu, "Mkunga, mimi naumwa goti, sina mimba!" na yeyote ambaye daftari lake la mahudhurio lilionyesha amekosa mara mbili, Mama Pumua, ndivyo walivyomwita, alimfuata hadi kitandani, na wawili aliwakuta wameanguka, akawaokoa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tarehe 8 Januari 2024 wazee walikuta kufuli mlangoni na karatasi imeandikwa "Ukarabati", ukarabati gani huo usio na ngazi wala ndoo ya rangi, mimi mwenyewe nilichungulia dirishani nikaona viti vipya mia mbili ndani ya nailoni, vinamsubiri mgeni rasmi ambaye hadi leo hajafika. Mama mkubwa alikwenda ofisini kwa bwana msimamizi mara kumi na moja, akaambiwa, "Bibi, mtavichakaza viti, nendeni mkapumzike nyumbani," basi akapumzika kwa lazima, miguu ikalegea, na tarehe 17 Julai akaanguka bafuni, nyonga ikavunjika, akalala sakafuni tangu asubuhi hadi alasiri, kwa sababu kwake yeye aliyewafuata wenzake wote, hakukuwa tena na daftari la kuonyesha kwamba yeye hayupo.

Alifariki tarehe 2 Agosti, saa kumi jioni, cheti kimeandika homa ya mapafu, mimi naandika kufuli.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovunja mlango wa bafu, wakunga wenzake, na wazee arobaini waliokuja leo kwa miguu yao aliyoinyoosha yeye.

Bwana msimamizi, wewe sikushukuru, ila ufunguo nimeuona unaning'inia kiunoni, kesho Jumatatu saa moja asubuhi tutakuwa mlangoni, daftari lake ninalo mimi, jina lako nimeliandika ukurasa wa kwanza, na ukikosekana mara mbili, tutakufuata kitandani.

Mama mkubwa, pumzika kwa amani, safari hii bila kuamriwa na mtu.