Nyumba Ndani ya Lori

Ndani ya gari la abiria la kutoka Matrah, Kheiria alijifanya hasikii. Mbele yake, mwanamke mwenye mimba kubwa alimwambia bibi asiyemjua, “Lori letu ndiyo nyumba, bibi, twafuata msimu wa kazi. Miye nnataka tukavune tende Batina, kuna visima na wanawake wenzangu. Mume wangu ataka kambi ya mafuta, jangwani. Kasema leo ataamua.”

“Huko nani atakuzalisha, mwanangu? Ngamia?”

Mwanamke alicheka, mkono tumboni. Kheiria akajikuta ameshika tumbo lake mwenyewe, lisilo na kitu ila mkate na chai.

Gari likasimama kwenye lango la Maskati. Lori lilikuwa likingoja, ubavuni limefungwa mapipa ya maji. Kwenda Batina hakuna anayebeba maji.

“Bibi,” alinong’ona mwanamke bila kuinuka, “gari hili linarudi Matrah?”