Sizikwi Katika Jeneza la Meya

Zima redio, Zulmira, na ufunge dirisha la upande wa barabarani, sitaki majirani wapate bure maneno ambayo ninyi mtayabeba maisha yenu yote. Kaeni chini, wanangu. Otacílio, usikae juu ya jeneza, hilo si benchi. Kaa kwenye kigoda kama ulivyokuwa ukikaa kabla hujawa mgombea udiwani. Daktari amesema sifiki wiki ijayo, na mimi mama yenu Hermínia, ambaye sijawahi kumwamini daktari yeyote, safari hii namwamini, kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho na mtu asinikatize.

Kwanza hilo jeneza. Nimelitazama tangu jana asubuhi lilipoletwa na gari la manispaa, likawekwa hapo katikati ya sebule na vishikio vyake vya rangi ya fedha, mimi nikiwa bado nakunywa kahawa yangu. Ni nani duniani anayeletewa jeneza huku anakunywa kahawa? Mwenye kura nyingi nyumbani kwake, ndiye. Meya Gurgulino ametazama ukoo huu, watoto, wajukuu, wakwe na mabinamu, akaona tunastahili mbao nzuri. Na wewe Otacílio, mwanangu wa kumzaa, ukapokea, ukamshukuru dereva, ukamkaribisha na kahawa juu yake. Nilikusikia. Moyo ndio unaokufa, masikio bado mazima.

Jana hiyohiyo huyu mjukuu wangu Edilene alikuwa akinisomea kitabu chake cha shule: eti Brazili ni nchi kubwa, tajiri, yenye mito na madini, na watu wa rangi zote wanaoishi kwa upendo. Nikamwambia endelea, mwanangu, bibi yako hajacheka siku nyingi. Edilene, kitabu hicho kaandika mtu aliyeshiba. Sasa isikilize nchi hiyohiyo kutoka kwa mtu ambaye hakufundishwa kusoma, halafu utachagua mwenyewe ipi ya kujibia mtihani na ipi ya kuishi nayo.

Bibi yangu Eufrásia alizaliwa mtumwa enzi za mfalme. Kitabu kinasema alipewa uhuru, na ni kweli, alipewa uhuru na hakupewa kitu kingine chochote: jembe lilibaki la Gurgulino, ardhi ya Gurgulino, na jioni ileile akarudi kupika kwenye jiko lilelile kwa sababu ndiko kulikokuwa na chakula. Kisha mfalme akafukuzwa, ikaja jamhuri, wakapiga fataki huko Rio, na hapa Mocozal mtu aliyekuwa amekaa barazani jana yake akaendelea kukaa barazani, ila sasa akajiita Kanali, yeye ambaye jeshi hakuwahi kuliona hata likipita njia. Huyo ndiye babu wa meya wenu. Ndivyo serikali inavyobadilika katika nchi hii, wanangu: inabadilika huko, kwa fataki, na ikifika huku imekwisha kuchoka, inakaa barazani kwa Gurgulino na kuomba maji ya kunywa.

Maji! Mwaka wa thelathini na mbili mvua ilipokataa kabisa, tuliondoka hapa kwa miguu, baba, mama na sisi watoto, kutafuta treni ya kwenda Fortaleza. Serikali ilikuwa imetuandalia mapokezi, na mapokezi yenyewe ni uzio. Walijenga mazizi ya watu kandokando ya reli ili wenye njaa wasifike mjini kuwaharibia mabwana hamu ya chakula. Wakatunyoa vichwa, wakatuvisha magunia. Mama yangu alifia ndani ya uzio huo, akafukiwa bila hata kipande cha ubao, na hakuja Gurgulino yeyote na jeneza lenye vishikio, kwa sababu asiyejua kusoma siku hizo hakuwa na kura. Mnaelewa sasa kwa nini kile kidude pale kinanitia kichefuchefu?

Nipe maji, Zulmira. Kidogo tu. Basi.

Baadaye wakubwa wa ng'ambo walikuwa na vita yao, wakahitaji mpira, na serikali yetu, ambayo miaka yote haikujua kama kaka yangu Deoclécio yupo duniani, ikamjua ghafla. Wakampa kofia, kikombe cha bati na bembea ya kulalia, wakamwambia wewe sasa ni askari, nenda Amazoni ukageme mpira, ukirudi utakuwa shujaa. Hakurudi. Vita ikaisha, wakasahau walikomweka. Kisha wakataka mji mkuu mpya katikati ya nyika, wakamchukua mwanangu wa kwanza, marehemu kaka yenu Aderaldo, akabeba zege kupanda majumba yale ya vioo mpaka vidole vikapinda, na mji ulipokwisha mlinzi akamsimamisha mlangoni akamuuliza, we, unatafuta nini hapa? Alinihadithia huku anacheka. Mimi sikucheka, na hadi leo yakionyeshwa kwenye televisheni majumba yale nageuza uso ukutani.

Wakaja wanajeshi. Wakasema wanaiokoa nchi. Sijaona nchi inayookolewa mara nyingi kama hii na bado inazama! Ukame ulipokuja tena wakatuletea kazi ya kuchimba bwawa, malipo unga wa muhogo na maharage yenye wadudu, tukachimba, mimi na baba yenu Nonato na nusu ya Mocozal, na bwawa lilipojaa tukagundua tumelichimba ndani ya malisho ya Gurgulino, mwana wa Kanali, naye akalizungushia waya siku ya pili. Kwa pesa ya serikali! Baba yenu alirudi nyumbani, akachukua sururu na kuanza kuchimba kisima chetu wenyewe nyuma ya zizi. Kisima hicho hakijakauka hata mara moja, mnajua. Ndiyo maana Gurgulino baba alikitaka, na Gurgulino mtoto, huyu meya, anakitaka.

Pesa nazo wamezibadilisha majina kama mwizi anayekimbia polisi. Nilimuuza ng'ombe wangu wa maziwa, nikaweka benki kama redio ilivyotushauri, na asubuhi moja redio hiyohiyo ikasema rais mpya amezifunga akiba za watu wote kwa faida yetu. Kwa faida yetu! Zilipofunguliwa zilinitosha kununua kuku, tena mgonjwa. Na ule upendo wa rangi zote, Edilene, muulize mama yako. Zulmira alikaa São Paulo ujana wake wote akilea watoto wa wenyewe. Walimwambia wewe ni mtu wa familia, akala amesimama jikoni na kulala katika kijichumba kisicho na dirisha, na barabarani walimwita kwa lile jina la dharau wanalotuita sote tuliotoka kaskazini hii. Viwanda vyao, mashamba yao ya kahawa, barabara zao, sisi ndio tuliojenga. Utajiri upo, kitabu chako hakikudanganya hapo. Kimesahau tu kusema uko mifukoni mwa nani.

Mvi ziliponijaa ndipo waliposema haya, hata asiyejua kusoma apige kura. Tangu siku hiyo napendwa mno. Mmoja akaniletea meno ya bandia ya juu, ya chini akasema baada ya uchaguzi. Mwingine akampa baba yenu kiatu cha kushoto. Baba yenu, Mungu amrehemu, akakivaa kwenda kupiga kura na akampigia mpinzani, akaishi na kiatu kimoja, na nilimpenda kwa jambo hilo kuliko kwa mengine yote.

Na mtoto wa mtu huyo ndiye wewe, Otacílio. Usitazame chini. Najua ulichomwahidi meya. Picha yako ukutani karibu na yake, kiti cha udiwani, na siku mama akifumba macho, bomba kutoka kisima chetu hadi kwenye tangi la magari yake ya kuuzia maji, ili watu wa Mocozal wanaochota hapa bure waanze kuchota kwake kwa kura. Unadhani utakuwa mkubwa? Utakuwa kigoda chake cha kuwekea miguu, mpumbavu we! Babu zake walitunyang'anya kwa nguvu, huyu hana haja ya nguvu, ana wewe. Na inaniuma. Nasema wazi mbele ya dada yako, inaniuma kuliko huu moyo.

Sasa ninayotaka yafanyike. Msiniweke katika jeneza hilo. Nifungeni katika bembea hii ninayolalia, ya pamba niliyosokota mwenyewe, mpitishe mti, mnibebe mabegani kama maskini wa hapa walivyobebwa tangu zamani. Mpite barabara kuu, mbele ya baraza la nyumba ya meya, polepole, aone. Asihutubie kaburini. Asiguse mti. Mbuzi wote ni wa Edilene, wa kumsomesha, ila ukishasoma, mjukuu wangu, usije ukawaandikia kitabu kama kile. Kisima kisifungwe kwa yeyote, hata kwa aliyetutukana. Shamba na kisima, karani wa hati atakuja kesho kuandika mrithi, na nitamwambia jina moja au mawili. Zulmira ni la kwanza. La pili, Otacílio, linakungoja wewe: wewe ndiwe utakayeshika mbele ya mti, peku, mbele ya wote, na gari la meya lirudishe mzigo wake leo hii. Ukikubali, shamba ni lenu wawili. Ukikataa...

Hiyo honi ya nani? Ni yeye, meya? Amekuja kunitazama kama nimeiva? Msimfungulie. Otacílio, kaa chini. Otacílio. Mwanangu, nazungumza na wewe... Kigoda kimelia. Huo ni mlango.

Ametoka?

Mniambie, macho yangu yana ukungu. Ametoka. Kapanda gari? ... Haya.

Basi, Zulmira, mbele ya mti shika wewe. Una mabega kuliko wanaume wa hapa. Jeneza mpelekeeni Otacílio nyumbani kwake, ndio urithi wake, mwambieni mama kasema ajaribu kulala ndani aone kama linamtosha. Karani... mwambie jina moja. Sogea, Edilene, nikuwekee mkono. Mungu akubariki. Mungu akubariki, Zulmira, akupe maji na watu wa kunywa nawe. Usilie, utaniloweshea bembea, itakuwa nzito kwa wabebaji...

Sikiliza. Karibu... weka sikio. Siku hiyo, yule akija kwa miguu, akiwa peke yake, bila gari, bila shati lile la kampeni... msimfukuze. Mpeni nafasi ashike.

Nyuma lakini. Mpeni nyuma.