Mtumba Uliopigwa Pasi

Basi lilikwama kwenye foleni ya makutano ya Silk Board kama ada ya asubuhi za Bengaluru, ndipo kijana aliyekaa mbele yangu alipovua kitambulisho shingoni akavaa kingine. Mwanamke wa sari ya kijani kando yake akamtazama. "Ushapata kazi mpya, na basi halijasogea?"

"Kazi ni ileile, dada. Kakampuni ketu kameniazima kwa kampuni kubwa ya kompyuta, nayo inanipeleka benki. Huko wameambiwa mimi bingwa wa kampuni kubwa, nimelelewa humohumo."

"Kumbe mtumba!"

"Mtumba uliopigwa pasi, dada. Leo nahojiwa na Bi Vasudha wa benki. Wanasema mkali huyo, pilipili ina nafuu. Niombee."

Mwanamke akachomoa kitambulisho cha benki mkobani, akakivaa taratibu. Kiliandikwa Vasudha.

"Nimekwisha!" kijana akasema.

"Nyamaza, wewe. Hata mimi benki wameniazima."

"Kutoka wapi?"

"Kwa hiyohiyo kampuni yako kubwa."

"Sasa nani anamhoji nani?"

Kondakta akapiga kelele, "Wa benki, shukeni!" Nusu ya basi ikaanza kupekua mifuko, nami nikiwemo, sijui leo nivae kitambulisho kipi.