Mwamba Katika Kisima cha Mama Mkwe

Benchi letu liko kati ya mlango wa kinyozi na karakana ya mageti, na mguu wake mmoja ni tofali. Mimi nashona viatu pembeni yake, kwa hiyo kila linalosemwa pale hupita kwanza masikioni mwangu. Kinyozi tunamwita Waziri, kwa kuwa hakuna jambo lisilo chini ya wizara yake. Mchomeleaji wa mageti ni Cheche. Asubuhi moja kahawa ilikuwa bado inafuka moshi pale Sululu, mchimba visima, alipokuja akatua ndoo ya mawe meusi miguuni petu, akakaa bila hata salamu. Alikuwa anamchimbia kisima mama mkwe wake, mjane mwenye nyonga mbovu anayebeba maji kutoka mtaa wa pili. Alikuwa amejisifu kwa kazi hiyo mpaka tukachoka.

— Nimeacha, akasema. Nimegonga mwamba. Namwambia mama mkwe atafute mchimbaji mwingine. Akitaka, atafute na mkwe mwingine.

— Pole sana bwana, akasema Waziri. Wahenga walisema, mchimba shimo huingia mwenyewe.

— Waziri, mimi kazi yangu ni visima. Nisipoingia mwenyewe, nimwingize nani?

Waziri hakujali. Akachagua jiwe moja lililojaa matundu, akaligeuzageuza kama kichwa cha mteja.

— Hili limeliwa na wadudu.

— Mdudu gani anakula jiwe? akauliza Sululu.

— Mwenye haraka. Mvumilivu hula mbivu, asiyevumilia hula jiwe.

— Wadudu wapi! akadakia Cheche. Hayo ni mavi ya chuma, taka za tanuri. Hapa walikaa wahunzi zamani. Chuma unanifundisha mimi?

Akaingia karakanani, akatoka na nyundo, akalipasua jiwe. Akachungulia ndani.

— Haya, umeona nini? akauliza Waziri.

— Mavi ya chuma yangeng'aa kama kioo, yangekuwa na kutu hapa na pale. Hili ni jeusi tu, halina mng'ao hata ndani. Nafuta kauli.

— Basi ni nyota, akasema Waziri. Ilianguka.

— Ikazama uani kwa mama mkwe bila kumwamsha? akauliza Cheche.

— Ilianguka mchana. Mama alikuwa sokoni.

— Waziri!

— Au tuseme ardhi inapumua, na hayo ndiyo matundu ya pua yake. Penye wengi hapaharibiki neno, na hapa matundu ni mengi.

Mwalimu, anayefundisha jiografia shule ya nyuma yetu, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja muda wote huo. Kiatu chake kingine nilikuwa nacho mimi, nakishona kisigino. Akaegemea bega langu, akanyoosha mkono.

— Hebu nipeni hilo jiwe. Waziri, umekosea kote, ila kwenye kupumua umekaribia. Jiwe hili lilikuwa uji. Uji wa moto uliotapikwa na volkano, yaani lava. Ndani yake mna gesi. Ukiumwaga, mapovu yanapanda juu, lakini uso unaganda kabla hayajatoka. Kila tundu unaloliona ni povu lililochelewa.

— Na haya mazito, yasiyo na tundu hata moja? akauliza Cheche.

— Lava hiyohiyo, ila ya katikati. Pale mapovu yalipata nafasi ya kutoka. Tazama, chembe zake hata huzioni, ni ndogo mno, kwa sababu iliganda upesi juu ya ardhi. Jiwe lililopoa polepole huko kilindini huwa na chembe kubwa, kama chumvi ya mawe.

— Kwa hiyo mwamba huu unakwenda mpaka wapi? akazidi kuuliza Cheche.

— Umesikia nimesema juu ya ardhi? Kama lava ilimwagika juu ya ardhi, basi chini yake iko ardhi. Kaka Sululu, mawe haya yalitoka kwa mpangilio gani?

Hapo Sululu akainua kichwa. Akaanza kuyapanga juu ya benchi.

— Ya matundu yalitangulia. Yakafuata haya mazito, sululu ikawa inanirudia mikononi kama mpira. Halafu hili, la jana jioni.

Lilikuwa dogo, na lilikuwa na matundu tena. Mwalimu akasahau kwamba hana kiatu, akakanyaga chini mguu mtupu.

— Kaka, mbona hili hukulisema? Lava inayogusa ardhi nayo hupoa upesi, mapovu yananaswa. Wewe uko sakafuni mwa mwamba kabisa, chini yake ni ardhi!

Sululu akalitazama lile jiwe.

— Nilijua kuna kitu, akasema taratibu. Nilipogonga jana, chini paliitika. Kama ngoma. Nikapanda juu mbio. Mwamba haukunishinda, Mwalimu. Niliogopa kudidimia. Nina watoto wadogo.

Waziri akamsogezea kikombe chake cha kahawa.

— Nina kamba ya kunyanyulia mageti, akasema Cheche. Tutakufunga kiunoni. Ukididimia utaning'inia tu, tutakuvuta.

Nikafunga sanduku langu. Tukaenda wote kwa mama mkwe, Mwalimu naye na kiatu chake kilichoshonwa nusu. Cheche akaifunga kamba kwenye nguzo ya jiko, sisi wanaume tukaishika. Sululu akateremka. Tulimsikia akigonga, akitulia, akigonga. Kisha jiwe likapasuka kwa mlio mzito, na kamba ikatubana viganjani.

— Nipo! akapiga kelele. Nimesimama juu ya udongo! Ni mwekundu, mgumu kama kigae!

— Udongo huo uliungua, akasema Mwalimu kwa utulivu. Lava iliuchoma. Endelea.

Akaendelea. Udongo ukaisha, zikaja kokoto, kokoto zikaja na unyevu. Kesho yake tulikuwa tumeishika kamba tena tuliposikia sauti kutoka chini:

— Mama mkwe!

— Nini tena, mwanangu?

— Nimelowa! Nimelowa mpaka magotini!

Mama mkwe akakaa palepale juu ya kifusi, akacheka huku machozi yanamtoka.

Benchi halikukalika kwa maringo baada ya hapo. Waziri alimhadithia kila aliyekuja kunyoa namna *sisi* tulivyoutambua mwamba kwa macho tu. Siku moja akasimama mpangaji mpya, mama mmoja aliyehamia juzi, anatafuta fundi kitasa. Akamsikiliza Waziri kwa adabu mpaka mwisho. Mwalimu alikuwepo, Cheche alikuwepo, hata Sululu alikuwepo.

— Kumbe, akasema yule mama. Kwa hiyo hiyo lava ilitoka kwenye mlima?

— Ndiyo, dada! tukajibu kwa pamoja.

— Sasa huo mlima uko wapi?

Tukatazama. Upande mmoja barabara ilikwenda imenyooka mpaka ikapotelea kwenye vumbi. Upande mwingine kulikuwa na mabati, na baada ya mabati, anga; hata kilima hapakuwa. Mwalimu akasema, "Kwa kweli...," akainama kufunga kamba za kiatu. Waziri akainua kidole kama anayeanza kueleza, akageuka huku, akageuka kule, kisha akakishusha na kuniuliza kama kiatu chake kiko tayari.

Sikuwa na kiatu chake.